Safu ya Sababu

Jumatatu, 2 Desemba

Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne niliufanya wiki iliyopita, na leo tayari nina kazi. Mama amenitoa Mlola na kunileta hapa Lushoto kwa Mjomba Nathanaeli, nimsaidie dukani mpaka matokeo yatoke. Mjomba anauza kalamu na madaftari, anatoa fotokopi, anachapa kadi za harusi. Tena ni katibu wa ligi ya mpira ya vyuo, na hilo ndilo linalojaza watu mlangoni kuliko kalamu.

Kila Jumatatu saa kumi jioni watu watatu hukaa chumba cha nyuma na kuwapanga makocha sita wa ligi, wa kwanza hadi wa sita. Wanajiita jopo. Kila mmoja humpa kocha bora alama sita, wa mwisho alama moja. Mimi najumlisha, naandika orodha kwa kalamu nene na kuibandika mlangoni. Pia naandika daftari la ligi. Lina safu nne: Tarehe, Mechi, Matokeo, Sababu. Safu ya Sababu hujazwa tu kama mechi haikuchezwa.

"Una mwandiko mzuri na huna maneno," Mjomba aliniambia. "Ndiye mtu tuliyekuwa tunamtafuta."

Jopo ni Mjomba mwenyewe, Mwalimu Abrahamu aliyestaafu, na Mama Secilia mwenye hoteli ya chakula karibu na stendi. Leo wamebishana saa nzima.

"Kocha ni ushindi," alisema Mwalimu Abrahamu. "Hayo mengine ni mahubiri."

"Mwalimu, wewe umpe Fanueli ng'ombe mzima, mimi unipe kuku wawili, halafu uje useme pilau ya Fanueli ina nyama kuliko yangu?"

"Tunazungumza mpira, mama. Si sufuria."

"Ndiyo maana hujawahi kupika."

Kocha Fanueli ni wa chuo cha Walimu. Ana wanafunzi mia nne wa kuchagua. Anayesemewa na Mama Secilia ni Kocha Ulimboka wa timu ya Chai, chuo kidogo cha kilimo cha chai huko Bulwa, upande wa pili wa milima. Yeye ana vijana ishirini na wawili, na baadhi yao asubuhi wanachuma chai shambani.

Fanueli alama 17. Ulimboka wa tatu.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua asubuhi, ukungu mchana. Uwanjani goli la upande wa msitu halikuonekana kabisa. Chai 2, Misitu 1. Timu ya Chai ilitoka Bulwa saa tisa usiku kwa lori mpaka Muheza, kisha basi mpaka hapa. Wametapika kwenye kona zote za kutoka Mombo, lakini wameshinda.

Kocha Ulimboka ni mfupi, ana sweta lililotoboka kiwiko. Ni mtu wa Mbeya. Hapigi kelele. Baada ya mechi alikuja nilipokaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akachungulia daftari langu.

"Mwandishi, hapo kwenye bao la pili andika na aliyetoa pasi. Yule ndiye aliyefanya kazi."

Nimeandika. Lakini nimejiuliza kwa nini kocha amfurahishe mtu anayeandika.

Jumatatu, 9 Desemba

Ulimboka amepanda, wa pili.

Mjomba alisoma barua kutoka kwa mkuu wa chuo cha Bulwa. Wanasema hawana fungu la kuendelea na kocha asiye na faida. Watatazama orodha yetu ya mwisho wa ligi, na kocha wao akishika mkia, mkataba wake hautaongezwa. Ana mke na watoto watatu katika nyumba ya chuo. Mkataba ukiisha, nyumba pia inaisha.

Sikujua kwamba karatasi ninayobandika kwa gundi ya unga inaweza kumtoa mtu nyumbani kwake.

Nimeanza kuwatazama wanajopo kwa makini. Mjomba na Fanueli wanaimba kwaya moja usharikani. Mtoto wa Mwalimu Abrahamu anasoma chuo cha Walimu. Timu ya Walimu hula kwa Mama Secilia kila baada ya mechi. Inawezekana hakuna hata mmoja anayepanga kwa haki. Ukutani kuna kanuni Mjomba aliyoichapa mwenyewe kwa herufi kubwa: MJUMBE HAPOKEI ZAWADI YA KOCHA, HATA YAI.

Mtu haandiki hivyo kama hakuna aliyewahi kupokea yai.

Jumamosi, 14 Desemba

Chai hawakufika. Walimu walisimama uwanjani na jezi zao tangu saa tisa mpaka saa kumi na robo, wakitetemeka kwa baridi. Mwamuzi akapuliza filimbi. Walimu wamepewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani.

Wanaume waliokuwa nyuma yangu walikuwa wakisema:

"Huyu ameuza mechi."

"Nani anunue mechi ya Chai?"

"Anayetaka kuwa wa kwanza."

Jumatatu, 16 Desemba

Lazima niandike yote, kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi kondakta wa basi la Tanga alileta kifurushi dukani. Huku kwetu kila kitu huja kwa kondakta: dawa, simu iliyotengenezwa, hata vifaranga. Hiki kilikuwa kimelowa nje, kimefungwa kwa kamba ya katani, kimeandikwa "Katibu wa Ligi, kutoka kwa Kocha, Bulwa." Nilikinusa. Majani ya chai. Pakiti nzima, nusu kilo labda.

Nilikiweka mezani. Mjomba alikuwa na watu wa kadi za harusi, na simu sikioni. Nilimsikia kwa masikio yangu:

"Ndiyo, kocha. Mzigo umefika, uko hapa mezani. Usiwe na wasiwasi, utashughulikiwa."

Akakata simu, akaniambia bila kunitazama, "Hicho cha Bulwa kiweke pamoja na mambo ya Bulwa." Akarudi kwenye kadi.

Jumamosi mtu hafiki uwanjani, Jumatatu analeta chai, na katibu anasema utashughulikiwa. Nilitaka kumuuliza. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini mimi kumuuliza Mjomba, tena mbele ya watu wa harusi, siwezi.

Nilichukua kifurushi nikakiweka droo ya chini, ile ninayotunza ufunguo wake mimi. Sikukifungua. Kilikuwa ushahidi, na ushahidi haufunguliwi. Nilijisemea kwamba siku moja mtu mwaminifu ataniuliza, nami nitakitoa kikiwa na kamba yake.

Kisha nikajaza daftari. Tarehe, mechi, matokeo. Kwenye safu ya Sababu nilikaa muda. Chai si sababu. Nikaandika: Hakuna.

Jioni Mwalimu Abrahamu aliuliza, "Na hawa Chai wametoa sababu gani?" Mjomba aligeuza daftari langu, akalitazama, akakunja uso.

"Hakuna."

"Hakuna?" Mama Secilia alishangaa. "Ulimboka?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Mjomba alimpa alama mbili. Nilimtazama wakati anatamka. Sikuona aibu usoni mwake. Nikafikiri, kumbe anajua kujificha.

Ulimboka wa tano.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua.

Jumatano, 25 Desemba

Niko Mlola kwa sikukuu. Ibada ndefu, wali, mvua. Mama ananiuliza Mjomba anaishije. Nilisema vizuri. Kabla sijaondoka Lushoto Mjomba aliniongezea nauli na kitenge cha Mama bila kuombwa. Nilikipokea kwa mikono miwili nikijiuliza kimetoka wapi.

Jumatatu, 6 Januari

Nimerudi. Plamu zimeiva, barabara nzima kuna ndoo zake. Tulizila plamu jopo zima, na mabishano yakawa matamu pia.

"Mimi nasema tugawanye," alisema Mama Secilia. "Kocha apangwe kwa alichokikuta na alichokifikisha. Mtu ameikuta timu haina hata mpira."

"Utapimaje?" alisema Mwalimu Abrahamu. "Ushindi unahesabika. Huruma haihesabiki."

"Si huruma, mzee! Hebu niambie, Fanueli angepelekwa Bulwa leo, angeshinda?"

Mwalimu Abrahamu alitema kokwa la plamu mkononi, akalitazama muda mrefu.

"Hilo swali si la haki," alisema.

"Kumbe unajua haki!"

Walicheka. Mimi niliandika. Nimegundua kwamba ninapenda mabishano haya kuliko mechi zenyewe, na hilo linanitia hofu, kwa sababu nimeanza kuwapenda watu ninaowashuku.

Jumamosi, 11 Januari

Chai hawakufika tena. Mara ya pili.

Jumatatu, 13 Januari

Ulimboka wa sita. Amefungana na mtu yeyote? Hapana, yuko peke yake mkiani, alama nne. Sababu: Hakuna. Niliandika hata kabla hawajakaa.

Jumanne, 14 Januari

Kifurushi kingine. Kamba ileile, harufu ileile. Mjomba hakuwepo, alikuwa Soni. Nimekiweka droo ya chini juu ya mwenzake.

Adhuhuri Mama Secilia alipita, akaegemea kaunta.

"Elinuru, mwanangu, hakuna kilichotoka Bulwa?"

Kumbe na yeye yumo! Anasubiri fungu lake.

"Hakuna, mama," nilisema.

Aliguna, akaondoka. Huo ni uongo wa kwanza niliosema tangu nije hapa, na nilijisikia mwaminifu kuusema.

Alhamisi, 23 Januari

Matokeo yametoka. Daraja la tatu, pointi 22. Pointi moja tu ningepata daraja la pili.

Siku ya mtihani wa Hisabati nilikuwa na malaria. Nilitapika mara mbili nje ya chumba cha mtihani. Wote waliofika dukani leo wameuliza "Umepata ngapi?" Nikiwaambia ngapi, wanasema "Pole" au "Si mbaya." Hakuna aliyeuliza jingine. Mwalimu Abrahamu alisema, "Tatu ni tatu, binti. Songa mbele." Labda ana haki. Nililia nyuma ya mashine ya fotokopi, ambapo kuna joto.

Jumatatu, 27 Januari

Bado mechi moja. Ulimboka wa sita.

Jumamosi, 1 Februari

Mechi ya mwisho. Chai walikuja. Waliwafunga Wakereza wa chuo cha ufundi, timu ya Kocha Tobia, 3–0, na la tatu lilikuwa zuri mpaka Mwalimu Abrahamu akasimama na mwavuli wake akasahau kuufungua.

Baadaye Kocha Ulimboka alinijia nilipokuwa nakusanya karatasi. Amekonda. Sweta ni lilelile.

"Marahaba, mwandishi," alisema, maana nilikuwa nimemwamkia kwa sauti ndogo mno. "Nikuulize jambo. Barua zangu zilisomwa kwenye jopo?"

"Barua gani?"

"Mbili. Ya Desemba na ya Januari. Zina muhuri wa chuo, maana katibu alisema maneno ya simu hayahesabiki."

"Hatujapata barua," nilisema. Kisha, sijui nilipata wapi ujasiri, nikaongeza, "Tulipata majani ya chai."

Alicheka kidogo, kwa uchovu. "Zimo humo. Sisi kule chai ndiyo bahasha. Mvua hii, karatasi ikisafiri peke yake kutoka Bulwa mpaka hapa inafika uji. Pakiti ya kiwandani ina ile karatasi ya kung'aa ndani, haipitishi maji. Kila mtu kwetu anatuma hivyo, hata vyeti vya watoto." Akanitazama. "Hamkuifungua?"

Ningesema. Mahali pake palikuwa pale. Nilisema, "Sijui, nitamuuliza Mjomba."

"Sawa, mwanangu. Haya, mbaki salama." Akaenda kuwahesabu vijana wake kwenye basi.

Jumapili, 2 Februari

Sikwenda kanisani. Nilisema tumbo linauma, na lilikuwa linauma kweli.

Nilikata kamba kwa kisu. Barua ya kwanza ilikuwa katikati ya majani, imekunjwa mara nne, kavu kama imeandikwa leo. Nainakili hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

"Kwa Katibu. Naomba radhi kwa kutofika tarehe 14. Alhamisi alifariki mchumaji wetu Jonas, mtu wa Kasulu. Hana ndugu huku. Wenzake ni wageni kama yeye, na wachezaji wangu wanne walikuwa wanakaa naye nyumba moja. Hapakuwa na watu wa kuchimba kaburi ila timu. Tulikuta mwamba, tukachimba siku mbili. Kaka yake alifika Jumamosi saa nane mchana, tukazika. Pointi wapewe Walimu, hilo sipingi. Naomba tu iandikwe kwamba vijana hawakukimbia mechi."

Ya pili ilikuwa fupi.

"Safari hii kosa ni langu. Mvua imechipusha chai nyingi na lori limepelekwa shambani. Nilipaswa kuliomba mapema wiki ile, sikuliomba, nilidhani nitapewa kama siku zote. Naomba iandikwe hivyo."

Naomba iandikwe. Mara zote mbili ameomba kitu hichohicho, na mtu aliyepaswa kuandika ni mimi. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Nimekaa sakafuni na majani ya chai magotini. Nimewashuku watu wote wa nyumba hii miezi miwili. Nimemshuku Mjomba kwa simu, Mama Secilia kwa swali, Mwalimu kwa mtoto wake, hata kitenge cha Mama. Droo iliyofungwa ilikuwa moja tu, na ufunguo uko shingoni mwangu.

Jumatatu, 3 Februari

Walikaa saa kumi. Orodha ya leo ndiyo ya mwisho, kesho inakwenda vyuoni. Niliweka pakiti mbili na barua mbili mezani, nikasimama. Sijawahi kusimama katika chumba kile.

"Kabla ya alama," nilisema. Sauti ilikatika. Nilianza tena. "Kabla ya alama, nina sababu za Chai. Zilifika. Nilizifungia mimi."

Nilisoma barua zote mbili. Nikaeleza kila kitu, hata kwamba nilidhani ni hongo, hata kwamba nilidhani Mjomba yumo. Kwenye hilo niliangalia meza.

Kisha Mjomba akasema polepole:

"Mimi nilimwambia mzigo utashughulikiwa. Halafu nikaona umeandika 'Hakuna', nikajua umefungua, umesoma, hakuna cha maana. Sikuuliza. Wewe huandiki uongo."

Angenipiga ingeniuma kidogo kuliko hayo.

"Na mimi nilikuja mpaka kaunta," alisema Mama Secilia. "Huyu mtoto akanikazia macho kama nimemwibia kuku!"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe kesho. Leo bado nina hasira."

Mwalimu Abrahamu alikuwa amevua miwani. Nilijua atasema ushindi ni ushindi, na alisema. "Mechi mbili amepoteza, zimepotea. Jedwali halibadiliki." Akaifuta miwani na kola. "Lakini sisi hatupangi timu, tunapanga makocha. Tulimpa wa mwisho kwa sababu tulidhani ni mtu asiyefika. Sasa huyu aliyechimba kaburi la mgeni siku mbili, ni mtu asiyefika?"

"Na ile ya lori?" alisema Mjomba.

"Ya lori ni uzembe, mpunguzie. Mwenyewe amekubali."

Walibishana mpaka giza. Sikumbuki wamewahi kubishana vizuri hivyo. Mwalimu alitaka wa tano, Mama Secilia wa kwanza, kwa ukaidi tu. Nilijumlisha mara tatu, nikamwomba Mjomba ajumlishe pia. Fanueli wa kwanza. Ulimboka wa nne. Mkiani Tobia wa Wakereza, ambaye chuo chake hakijatishia kumtoa, ila atataniwa mpaka Pasaka.

Baada ya hapo nilifungua daftari. Nilikata "Hakuna" mara mbili kwa mstari mmoja, ili lisomeke bado, nikaandika sababu zote mbili kama alivyoomba. Hazikutosha kwenye safu, zikaingia pembeni ya ukurasa. Chini nikaandika: Zilichelewa kuandikwa kwa kosa la mwandishi, Elinuru.

Jumanne, 4 Februari

Nimebandika orodha. Watu walijaa.

"Chai wamepandaje? Jana walikuwa mkiani!"

"Si nilisema? Wamekula chai ya mtu hao."

Siku zote nikibandika narudi ndani haraka. Leo nilikuwa tayari nimeshafika kwenye kaunta. Nikageuka, nikatoka, nikasimama kizingitini.

"Hawajala," nilisema. "Njooni niwaambie."

Niliwaambia. Wengine walicheka, wengine walinisonya. Mzee mmoja mwenye gunia la kabichi aliuliza tu, "Kaburi lilikuwa la mwamba?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akabeba gunia lake.

Jumatano, 5 Februari

Mama Secilia amenisamehe, siku moja baadaye kuliko alivyoahidi. Amenitwika ndoo ya maji ya hoteli kama riba.

Jumatano, 12 Februari

Jana mkuu wa chuo cha Bulwa alimpigia Mjomba. Mkataba umeongezwa mwaka mmoja. Mjomba aliniambia mbele ya wateja, kisha akanipa ufunguo wa droo, ule niliokuwa nimemrudishia. "Huu ni wako," alisema. "Ila uwe unafungua."

Na leo saa nne kondakta wa Tanga ameleta kifurushi. Kamba ya katani. Kimeandikwa: "Mwandishi."

Nilikifungua palepale, nikiwa nimesimama, Mjomba na mteja wa fotokopi wakinitazama. Nilimimina majani yote juu ya gazeti, nikayapekua kwa vidole. Nikageuza pakiti, nikachungulia ndani, nikaikung'uta. Nikapekua tena.

Humo hamkuwa na barua. Ilikuwa chai tu.